Jina la Watu Likigeuka Tusi

Kuna maneno ambayo hutembea duniani kama watu. Huzaliwa katika nchi moja, huvuka maji, hupata marafiki na adui, na pengine hufika kwetu yakiwa yamevaa nguo nyingine, hata hatuyatambui. Neno moja la namna hiyo ni neno la Kiingereza "Dutch". Siku hizi maana yake ni mtu wa Uholanzi, au lugha yake, au kitu cha nchi yake. Lakini ukifungua kamusi ya Waingereza utakuta kwamba neno hilo limebeba mizigo mingi mingine, na karibu yote ni mizigo mibaya.

Sisi ni waalimu wachache wa Nyantende, upande wa kusini wa mji wa Bukavu. Jioni, kazi za shamba zikiisha, tunawafundisha vijana Kiingereza. Zamani vijana wetu walitaka Kifaransa tu. Lakini tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiingereza ni lugha ya ofisi za Jumuiya hiyo. Tena biashara ya Kampala na ya Nairobi inakihitaji. Basi wanakuja, wengine na taa zao mikononi, nasi tunafundisha kwa vitabu tulivyo navyo.

Katika kitabu kimoja mna ukurasa wa misemo ya Waingereza. Tuliposoma pale vijana wakashangaa. "Ujasiri wa Kidutch" ni ujasiri wa mtu aliyelewa: amekunywa kwanza, ndipo anathubutu. "Karamu ya Kidutch" ni karamu ambayo kila mtu analipa chakula chake mwenyewe. "Mjomba wa Kidutch" ni mtu anayekukaripia waziwazi bila huruma, wala si mjomba wako. "Kidutch maradufu" ni maneno yasiyoeleweka hata kidogo. Na Mwingereza akitaka kukana jambo kwa nguvu husema kwamba likiwa kweli, basi yeye ni Mdutch. Yaani haliwezekani kabisa. Msichana mmoja akainua mkono akauliza: "Mwalimu, watu hawa waliwakosea nini Waingereza?" Swali hilo ndilo lililotutuma kuandika makala hii.

Tuanze na chanzo cha neno lenyewe, maana ndani yake hamna ubaya wowote. Hapo kale makabila ya Ulaya ya kaskazini yalikuwa na neno lililomaanisha "watu", yaani watu wa kawaida, wenyeji. Kutokana na neno hilo wakafanya jingine, maana yake "ya watu", nalo likatumika kwa lugha. Lugha ya kanisa na ya waandishi ilikuwa Kilatini. Lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya shambani ilikuwa "ya watu". Mwaka 786 Askofu George wa Ostia, mjumbe wa Papa Adriano wa Kwanza, alimwandikia Papa habari za mikutano ya kanisa huko Uingereza. Akasema kwamba maagizo yalisomwa kwa Kilatini na pia kwa lugha ya watu, ili wote wapate kuelewa. Hapo ndipo neno hilo linaonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza tunayoijua. Tazameni, basi: neno lilianza kama heshima kwa wasiojua Kilatini. Watu wa Ujerumani wamelihifadhi mpaka leo, nao hujiita "Deutsch". Waingereza nao wakalichukua, wakasema "Dutch".

Kwa miaka mingi Waingereza waliwaita hivyo watu wote wa pande zile, Wajerumani na Waholanzi pamoja. Lakini Waholanzi walipigana na mfalme wa Hispania miaka themanini, na mwaka 1648, katika mapatano ya Münster, Hispania ilikubali kwamba wao ni nchi huru. Wakawa matajiri wa bahari. Meli zao zilijaa kila bandari, wakawa majirani wa karibu wa Waingereza na washindani wao wa karibu. Polepole neno "Dutch" likabaki kwa Waholanzi peke yao, kwa sababu hao ndio Waingereza waliokutana nao kila siku. Lakini huko Pennsylvania, Marekani, wako watu waitwao "Dutch" mpaka leo, nao asili yao ni Ujerumani. Hao wamebaki na maana ya zamani.

Ndipo vikaja vita. Waingereza na Waholanzi walipigana baharini mara tatu katika muda wa miaka ishirini na miwili: tangu 1652 hata 1654, tangu 1665 hata 1667, na tangu 1672 hata 1674. Mwezi wa Juni 1667 Waholanzi waliingia katika mto Medway, wakachoma meli za Waingereza mahali pao pa kuegesha, wakaikokota meli kubwa iitwayo Royal Charles mpaka kwao. Hiyo ilikuwa aibu kubwa kwa mfalme wa Uingereza. Mtu aliyeaibishwa na jirani hutafuta maneno. Kama hawezi kumshinda kwa mizinga, atamshinda kwa mdomo: atasema jirani ni mlevi, ni bahili, ni mkali, lugha yake ni kelele. Misemo mingine ilizaliwa baadaye sana, na mingine huko Marekani, lakini njia ilikuwa imekwisha kulimwa. Jambo la kuchekesha ni hili: mwaka 1689 Waingereza walimvika taji la ufalme Mholanzi, William wa Orange. Walikubali kutawaliwa naye, lakini matusi hawakuyaacha.

Basi hilo ndilo jibu tulilompa yule msichana. Waholanzi hawakukosa jambo la pekee. Walikuwa jirani, walikuwa na nguvu, na vita vilipita katikati yao. Hakuna anayetunga misemo mibaya juu ya watu wa mbali asiowajua.

Yafaa sasa tuyaangalie mambo yenyewe, maana mengine hayako mbali na kwetu. Huo ujasiri wa chupa, nani asiyeujua? Tumewaona watu waliokunywa kasiksi tangu mchana, na jioni wanataka kupigana na mti. Na bia? Kampuni ya Bralima, iliyopika bia ya Primus mjini Bukavu kwa miaka mingi, ilikuwa ya Heineken, kampuni ya Uholanzi. Kwa hiyo mlevi wa Bukavu angeweza kusema pasipo uongo kwamba ujasiri wake ni wa Kidutch kweli. Mwezi wa Juni 2025, baada ya vita kufika mjini, Heineken ilitangaza kwamba haina tena usimamizi wa shughuli zake za Bukavu na Goma. Bia ikapungua, lakini hatujaona kwamba ugomvi umepungua.

Ile karamu ya kila mtu na mfuko wake ilimpata kijana mmoja wa darasa letu. Mgeni fulani alimwalika mjini kula chakula cha mchana, akamwambia kwa Kiingereza kwamba watakula "Kidutch". Kijana akafurahi, alifikiri ataonjeshwa mapishi ya Uholanzi. Akala samaki wa ziwa na wali, akashangaa kwamba mapishi ya Uholanzi yanafanana hivi na yetu. Karatasi ya malipo ilipoletwa, mgeni akaweka nusu ya fedha mezani akangoja. Kijana alikuwa na nauli tu. Akaitoa, akaongeza na kitu kidogo alichoazima kwa rafiki yake aliyepita njiani, akarudi Nyantende kwa miguu. Mgeni hakuwa mtu mbaya. Alifuata desturi ya kwao, na neno alilisema wazi. Lakini kwetu anayekuita ndiye anayekulisha, na kasiksi hunywewa katika mtungi mmoja. Kijana yule amelijua neno hilo kwa miguu yake, wala hatalisahau.

Iko pia namna ya kuuza ambayo Waingereza huita mnada wa Kidutch. Katika mnada wa kawaida bei hupanda: mmoja anasema kumi, mwingine kumi na mbili. Katika mnada huu bei huanza juu ikashuka, na wa kwanza kukubali ndiye anayepata. Huko Aalsmeer, Uholanzi, maua huuzwa hivyo mbele ya saa kubwa inayohesabu kwenda chini, na maua mengi ya waridi yanayouzwa kwa njia hiyo hulimwa Kenya, karibu na ziwa Naivasha. Ukasikie sasa katika soko la Kadutu, Bukavu, jua likielekea kuzama. Mama mwenye nyanya aliyeanza asubuhi na bei kubwa anashusha, anashusha tena, mpaka mnunuzi mmoja aseme "lete". Mama huyo hajaenda Uholanzi, wala hana saa ya kuhesabu. Msemo huu hauna tusi. Ni habari ya njia ya kuuza tu.

Uko na msemo mwingine usio tusi, nao yafaa Wakongo waushike sana. Mwaka 1959 gesi nyingi ilipatikana chini ya ardhi ya Groningen, kaskazini ya Uholanzi. Fedha zikaingia kwa wingi, hata fedha ya nchi ikapanda thamani, na viwanda vingine vikashindwa kuuza vitu vyao nje. Mwaka 1977 gazeti The Economist la London likauita msiba huo "ugonjwa wa Kidutch". Maana yake ni hii: nchi hupata mali chini ya ardhi, ikasahau kazi iliyo juu ya ardhi. Gesi ile ilileta pia matetemeko ya ardhi yaliyopasua nyumba za watu, na mwezi wa Oktoba 2023 kazi ya kuitoa ilisimamishwa. Sisi wa Kivu ya Kusini tunawaona vijana wanaoacha mihogo na maharagwe ili kuchimba dhahabu Kamituga. Jina la ugonjwa ni la Kiholanzi, lakini wagonjwa wako popote.

Tuje sasa kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Je, neno "Dutch" tunalo? Tunalo, tena la zamani. Ni neno "Mdachi". Lakini kwetu Mdachi si Mholanzi, ni Mjerumani. Watu wa pwani walilisikia kwa Wajerumani wenyewe walipokuja kuitwaa nchi ya Tanganyika. Mshairi Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi wa vita vile, na jina lake ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kwa hiyo sauti moja imekwenda njia mbili: Mwingereza alipoisema alimtaja Mholanzi, Mswahili alipoisema alimtaja Mjerumani. Na kwa jinsi neno lilivyozaliwa, Mswahili ndiye aliyeshika maana ya kwanza.

Sisi wa Bukavu hatuna haja ya kwenda pwani kulitafuta. Vuka mto Ruzizi tu. Wanyarwanda huita nchi ya Ujerumani "Ubudage", na watu wake "Abadage", mpaka leo, ingawa Wajerumani walitoka Rwanda mwaka 1916. Wazee waliotutangulia walikuwa na sababu ya kulijua jina hilo. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliitwaa Idjwi, kisiwa kilichomo katika ziwa letu la Kivu. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo yakaingia Rwanda, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo yakafika Tabora. Nyuma ya askari hao walikwenda wapagazi wengi sana, wakichukua mizigo vichwani, na wengi hawakurudi kwao. Walikufa katika vita vya Wazungu wawili, Mbelgiji na Mdachi, ambao ugomvi wao ulianza mbali sana na hapa.

Na Waholanzi je? Kiswahili kimewapa jina lao, Waholanzi, kutokana na Holland. Lakini hapa nchini Kongo tulikaa muda mrefu na jamaa zao wa karibu, watu wa Ubelgiji ya kaskazini, ambao sisi huwaita Waflama. Lugha yao na ya Waholanzi ni moja. Wakati wa ukoloni mji wetu wa Bukavu uliitwa Costermansville kwa Kifaransa, na Costermansstad kwa lugha yao. Fedha nazo ziliandikwa kwa lugha zote mbili. Mapadri wengi wa kwanza walitoka kwa Waflama. Askofu Victor Roelens, aliyeongoza misioni za Kongo ya Juu, alizaliwa Ardooie, katika nchi hiyo ya Flandria. Na misioni ya Nyangezi, jirani zetu, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipewa jina la Thielt-Saint-Pierre, kwa ajili ya mji wa Tielt ulio karibu na Ardooie. Watu hao nao nyumbani kwao walikuwa wamedharauliwa kwa ajili ya lugha. Mahakamani na katika shule kubwa za Ubelgiji Kifaransa ndicho kilichotawala kwa muda mrefu, na lugha ya Waflama ilihesabiwa kuwa ya wakulima. Kumbe mtu aweza kuwa mtawala huku na mdharauliwa kule, kwa ajili ya ulimi uleule.

Neno jingine la watu hao limeingia Kiswahili kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1652 Waholanzi walianza kukaa katika rasi ya kusini ya Afrika. Wajukuu wao waliitwa "Boer", na kwa Kiholanzi maana yake ni mkulima, si zaidi. Mwaka 1908 baadhi yao walifika Kenya na magari yao ya ng'ombe, wakakaa upande wa Eldoret. Kwa Kiswahili "Boer" likawa "Kaburu". Leo ukimwita mtu kaburu hakuna atakayedhani umemwita mkulima. Neno limechukua ukatili wa ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini, na limekuwa jina la mtu mwonevu. Ubaguzi ule ulistahili kulaaniwa. Lakini tuangalie jinsi jambo linavyokwenda: jina la kazi likawa jina la watu, jina la watu likawa jina la kosa. Njia ni ileile waliyopita Waingereza.

Lakini neno haliendi chini siku zote. Mama mmoja wa hapa Nyantende huuza vitenge, naye ana mtoto darasani kwetu. Aliposikia kwamba kwa Waingereza jina la Mholanzi ni jina la vitu visivyo vya kweli, alicheka mpaka akakaa chini. "Waalimu," akasema, "mimi nikisema kitenge ni Hollandais, bei inapanda!" Ni kweli. Katika soko letu wax hollandais ndicho kitenge cha kweli, kile kisichochuja, ambacho bwana arusi hununua akitaka kuheshimiwa na wakwe. Vitenge hivyo hutoka kiwanda cha Vlisco mjini Helmond, kilichoanza mwaka 1846, na namna yake ya kupamba kwa nta iliigwa kutoka kisiwa cha Java. Kwa hiyo Mwingereza aliyepigana na Mholanzi amelifanya jina lake kuwa kejeli, na mama wa Kivu aliyenunua kitambaa chake amelifanya kuwa sifa. Neno ni lile, watu ni wale. Kilichotofautiana ni jinsi walivyokutana.

Wala tusidhani kwamba Waingereza peke yao ndio wenye tabia hiyo. Kifaransa, tunachokijua zaidi, kinayo vilevile. Mtu akiondoka karamuni bila kuaga, Wafaransa husema ameondoka "kwa Kiingereza". Waingereza nao husema amechukua ruhusa "ya Kifaransa". Kila mmoja anamtupia mwenzake utovu wa adabu. Ugomvi usio na sababu Wafaransa huuita ugomvi wa Mjerumani. Uvumi upitao mdomo kwa mdomo ni "simu ya Kiarabu". Na kuku yule mkubwa tuitaye bata mzinga alitoka Amerika, lakini Mwingereza amempa jina la Uturuki, Mfaransa jina la Uhindi, na Mholanzi jina la mji wa Calicut. Hata sisi tunakula mahindi kila siku, na jina lake ni la Uhindi, ingawa nafaka hiyo ilizaliwa Amerika. Makosa ya namna hii hayamdhuru mtu.

Yako mengine yanayodhuru. Watu wa pwani waliwaita watu wa bara "washenzi", na wakoloni wa hapa Kongo wakalipenda sana neno hilo, wakasema "basenji" kwa kila mtu wa kijijini. Kuna mbwa mdogo wa Kongo, asiyebweka kama mbwa wengine, ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita Basenji. Wanampenda, wanampa zawadi katika maonyesho. Hawajui kwamba jina walilompa mbwa ndilo walilotukanwa babu zetu. Na Mswahili mwenyewe? Jina lake latoka katika neno la Kiarabu la pwani tu, lakini Kenya na Tanzania wako wasemao "huyo ni Mswahili" wakitaka kusema kwamba ni mwenye maneno mengi na hila. Hakuna jina la watu lililo salama katika mdomo wa jirani.

Tufike kwenye jambo ambalo tungependa wasomaji walifikiri kuliko yote. Katika darasa letu aliingia mvulana ambaye jamaa yake ilikimbia vita sehemu nyingine ya Kivu. Kabila lake si la hapa. Jioni moja daftari la mwenzake lilipotea, na mwanafunzi mmoja akasema kwa sauti jina la kabila la mvulana yule, neno hilo moja tu, kana kwamba maana yake ni "mwizi". Jina lenyewe hatuliandiki. Wachache wakacheka. Mvulana akakusanya vitu vyake pole pole, akatoka, na jioni tatu zilizofuata hakuja.

Tulikwenda kwao. Baba yake alitukaribisha vizuri, akatupa viti viwili alivyokuwa navyo, yeye akakaa juu ya kibuyu kilichogeuzwa. Hakukasirika. Akasema: "Waalimu, jina la ubatizo la mtoto nilichagua mimi. Lile lingine alizaliwa nalo, nami nilizaliwa nalo. Likiharibika sina jingine la kumpa." Tukakaa kimya, kwa kuwa hapakuwa na jibu.

Kesho yake tuliandika ubaoni misemo ile ya Waingereza, lakini mahali pa "Dutch" tuliweka jina la watu wa hapa, Bashi. Tukamwomba kila mmoja asome kwa sauti. Ujasiri wa Kishi, yaani ulevi. Karamu ya Kishi, yaani uchoyo. Kishi maradufu, yaani upuuzi. Wa kwanza alisoma akicheka. Wa pili alicheka kidogo. Wa tatu ndiye yule aliyesema lile neno, alisimama, akautazama ubao kitambo kirefu, akasema: "Mwalimu, bibi yangu huniombea kwa Mashi kila usiku. Siwezi kusoma hii." Tukamwambia akae, tukaufuta ubao. Daftari lilionekana siku ya pili nyumbani kwa mwenyewe, chini ya godoro.

Siku ya Dominika yule mwanafunzi alikwenda mwenyewe kwa jamaa ile kusalimu. Walimpa mahindi ya kuchemsha. Mvulana alirudi darasani wiki iliyofuata. Kwa muda alikaa karibu na mlango, sasa amesogea katikati. Hatusemi kwamba yote yamepona. Twasema amesogea.

Kwa nini tunasumbuka kwa ajili ya maneno, wakati mabunduki yanalia? Kwa sababu sisi wa eneo hili la Maziwa Makuu tunajua maneno hutangulia. Kabla ya mauaji ya mwaka 1994 huko Rwanda, watu waliitwa mende redioni na magazetini, na walioitwa hivyo wakauawa. Wakimbizi walipomiminika Bukavu mwaka ule tuliona kwa macho yetu mwisho wa njia ambayo huanza na kicheko kidogo. Waingereza na Waholanzi leo wanakaa kwa amani, na msemo wa ujasiri wa chupa haumliji Mholanzi yeyote. Ni kovu la kidonda kilichofungika. Kidonda chetu bado ki wazi, na anayekigusa kwa mzaha anakitia mchanga.

Mwaka 2020 serikali ya Uholanzi iliamua kuacha kutumia jina la Holland ilipojitangaza ulimwenguni, maana Holland ni majimbo mawili tu kati ya kumi na mawili. Watakalo ni waitwe kwa jina lao zima. Hayo ni madai madogo na ya haki: kumwita mtu kwa jina analolitaka, na kulitia ndani ya jina hilo yale tuliyoyaona kwake yeye mwenyewe, si yale tuliyoyasikia juu ya watu wake. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole la kijana wetu aliyetoka Bukavu kwa miguu lilipona kwa wiki moja. Mvulana wa karibu na mlango, huyo bado twamngoja.